Tope la Shimo la Kwanza

Katika kijiji cha Mwamko, mbele kidogo ya Ilongero, Dina alijulikana kwa kidole. Wengine walijulikana kwa ukoo, kwa ng'ombe au kwa ugomvi. Yeye kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho wakati wa ujenzi wa zahanati kilikuwa na nguvu kuliko mhuri wa mwenyekiti. Alikichovya kwenye maji, akakisugua na kidole gumba, akatazama mbali kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Akisema "yanateleza," maji yalibaki shimoni. Akisema "hayatelezi," mfereji ulifunguliwa na ng'ombe wa kijiji kizima wakanywa. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekufa kwa maji yale. Jambo hilo Dina alilisema mara nyingi baadaye, kwa sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu.

Mwamko ulizaliwa mwaka wa operesheni. Kabla ya hapo kila mtu alikaa kwenye tembe yake, na shamba lake la uwele, na umbali wa kutosha kati yake na jirani ili waendelee kupendana. Serikali ikasema watu wakae pamoja wapate shule, maji na zahanati, na malori yakaja kuwasaidia kukubali. Jina la kijiji lilichaguliwa kikaoni na waheshimiwa ambao hawakuwa wamelala pale hata mara moja. Lilipokewa kwa makofi, kama yalivyopokewa mengi mwaka ule.

Dina hakuhitaji lori. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Yunisi. Mumewe alifia njiani akibebwa kwenye machela kwenda hospitali mjini, na wabebaji walibishana kwanza kama waendelee mbele au wageuze. Mwanamke aliyesikiliza ubishi huo akitamkiwa neno zahanati hasubiri kubembelezwa. Alifunga mizigo yake kabla vijana wa operesheni hawajafika, jambo lililowaudhi kidogo.

Aliyebaki nyuma ni kaka yake, Mughwai. Huyu hakukataa kuhama. Lori liliharibika kabla ya kumfikia, na lilipopona operesheni ilikuwa imeshatangazwa kuwa imefanikiwa. Mughwai hakuona sababu ya kuwaaibisha viongozi kwa kujitokeza.

Kati ya ndugu hawa wawili kulikuwa na ng'ombe mmoja. Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe pajani, na aliitwa Jioni kwa sababu alizaliwa jioni. Mughwai hakuwa mtu wa kupoteza muda kwenye majina. Dina alipofiwa, kaka yake alimswaga Jioni mpaka mlangoni kwake akamwachia amtunze, kwa desturi inayojulikana huko: anayetunza anakunywa maziwa na kutumia mbolea, ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa ngozi yake inarudishwa kwa aliyemtoa, pamoja na maelezo. Ukileta ngozi na maelezo hudaiwi kitu. Lakini watu wa huko wanajua kwamba ng'ombe wa kutunziwa ni kamba. Madhali yupo, nyumba mbili ni nyumba moja. Akifa, mwenye ng'ombe akikupa mwingine, kamba imefungwa upya. Asipokupa, mnabaki kusalimiana.

Siku Dina alipokwenda kuaga, Mughwai alikuwa ameketi kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Kwa hiyo unakwenda kupangwa mstari kama mahindi."

"Watajenga zahanati, kaka. Na kuna lambo, maji hayakauki."

"Na chumvi?"

"Chumvi gani?"

"Jioni atalamba wapi? Hapa tunawapeleka ziwani, wanakula udongo wa chumvi mpaka wanaridhika. Huko mtamlambisha nini? Hotuba?"

"Nitamtafutia, kaka."

"Haya. Usisahau," alisema Mughwai, na akaendelea kuchonga.

Dina hakusahau kabisa. Alimwekea Jioni chumvi kwenye kigae kila alipoipata, na siku za kuipata hazikuwa nyingi.

Mwenyekiti wa Mwamko aliitwa Mathayo. Alikuwa mtu mwema mwenye udhaifu mmoja: aliamini kila alichosema mwenyewe. Alisema zahanati ijengwe mgongoni mwa kilima, juu ya lambo, ili mgeni anayepita barabarani aione, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba wagonjwa nao watapenda kuifikia. Akaletwa fundi kutoka misheni, Bonaventura, mtu mfupi mwenye kofia ngumu ya jua aliyorithi kwa padre aliyerudi kwao. Bonaventura alizunguka kiwanja mara moja, akatazama chini kwenye lambo, kisha akamtazama mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti, maji ya chokaa yatakwenda wapi?"

"Yatakwenda yanakotaka, ndugu fundi. Maji hayana bwana."

"Yanataka kwenda lamboni."

Akaeleza taratibu, kama anayefundisha katekisimu. Saruji haikutosha, kwa hiyo kuta zingejengwa na kupigwa lipu kwa chokaa nyingi. Maji ya kulowekea chokaa, na maji ya kuoshea makarai, mapipa na miiko, yanatoka meupe kama maziwa, lakini ni makali. Yanachubua mikono ya wajenzi na yanaua kinachoishi majini. Kule misheni waliyaacha yakatiririka kwenye bwawa la samaki la padre. Samaki wote walielea.

"Padre akafanyaje?" aliuliza mzee Lazaro, aliyependa habari zenye mwisho.

"Aliwaombea. Walipokataa kurudi, akanituma nichimbe mashimo."

Mashimo yalikuwa matatu, yakishuka moja baada ya jingine. La kwanza lilipokea maji yote machafu ya ujenzi na kuyaacha yatulie, tope lizame. Maji ya juu yalipitishwa kwenda la pili, na humo yalipaswa kutiwa kitu kichachu cha kuvunja ukali wake. La tatu lilikuwa na kokoto na mchanga, la kuchuja. Baada ya hapo ndipo mfereji uelekee lamboni. Dawa ya shimo la pili ndiyo iliyoleta kikao, kwa sababu Bonaventura alitaka machicha ya pombe, debe kwa debe, na mwaka ule pombe ilikuwa imepigwa marufuku. Mvua zilikuwa zimekataa, na nafaka ilikuwa ya kula.

"Pombe hairuhusiwi," alisema Mathayo.

"Sijaomba pombe. Nimeomba machicha."

"Machicha bila pombe yanatoka wapi?"

Mzee Lazaro akasimama kwa fimbo yake, uso umejaa huzuni ya kizalendo.

"Ndugu Mwenyekiti, sisi wazee tumekaa hatuna mchango katika ujenzi huu. Matofali hatuwezi kubeba. Kama ni kwa ajili ya kuokoa ng'ombe, basi hiyo pombe itakayopatikana kwa bahati mbaya, tuleteeni sisi. Tutajitolea kuimaliza."

Ikapitishwa kwa kauli moja. Mtama ulioliwa na wadudu, usiofaa kwa ugali, ukatengwa kwa kimea, na kwa kuwa hakukuwa na mpishi wa pombe aliyemzidi Dina kutoka Ilongero mpaka Mandewa, Dina akateuliwa Msimamizi wa Maji Machafu. Wanawake walicheka. Dina naye alicheka, lakini siku ya pili alikuja kazini amevaa kitambaa cha kichwani cha kanisani.

Aliipenda kazi ile. Zamani alipopika pombe, aliyefurahi alilala na kusahau. Hapa machicha yaleyale yalifanya jambo lililoonekana. Alimwaga, akakoroga kwa mti mrefu, akangoja. Maji yalianza yakiteleza vidoleni kama sabuni, kila siku yakapungua kuteleza, mpaka yakawa maji tu. Bonaventura ndiye aliyemfundisha hiyo alama ya vidole, na akamkataza asionje kamwe. Baadaye vyura wakaja wenyewe kwenye shimo la tatu bila kuitwa kwenye kikao chochote, na Dina akawasimulia watu habari zao kama mama anayesifu wakwe.

Mfereji ulipofunguliwa mara ya kwanza, watu walisimama kando ya lambo wakiwazuia ng'ombe wao. Hakuna aliyetaka ng'ombe wake awe wa kwanza kuipongeza serikali. Dina akatoka kwenye umati akimvuta Jioni. Selina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamshika mkono.

"Mama Yunisi, huyo si wako. Ni wa kaka yako."

"Ndiyo maana namleta," alisema Dina. "Wangu ningeweza kumchezea."

Jioni alikunywa mpaka akatosheka, akainua kichwa, akawatazama wanakijiji huku maji yakimdondoka kidevuni. Alama yoyote ya kufa hakuonyesha. Kesho yake wote wakanywesha. Dina alimtumia Mughwai salamu kwa mtu aliyekuwa akienda kule: mwambie kaka, maji ya Mwamko yanatengenezwa na dada yake, na Jioni ndiye shahidi. Mughwai akajibu kwa mtu huyohuyo: mwambie nimesikia, na chumvi?

Zahanati ikapanda, ikaezekwa bati, ikapakwa chokaa nyeupe. Katika chokaa ya mwisho Bonaventura alitia konzi za chumvi, na Dina alipouliza, akasema chumvi inaishikiza chokaa isihamie kwenye nguo za wagonjwa. Kisha akazungushia jengo zima ua wa miiba. Watu waliona ni maringo. Lazaro alisema fundi anaogopa wagonjwa wasije wakaiingia zahanati. Bonaventura hakuwajibu, alikuwa na tabia ya kueleza anachoulizwa tu, na kuhusu miiba hakuna aliyemuuliza.

Alipofunga vifaa vyake kwenda kujenga ghala kule Ulemo, alimwita Dina kando ya mashimo.

"Maji yameisha, Mama Yunisi. Umeyamaliza vizuri. Limebaki tope la shimo la kwanza. Hilo machicha hayakuligusa, ukali wote umelala humo. Lisikauke juu ya ardhi. Chimbeni shimo refu kupita mtu, lizikwe, miiba juu yake."

"Nimesikia, fundi."

"Lizikwe," alirudia Bonaventura, akavaa kofia yake, akaenda.

Shimo refu kupita mtu lilihitaji watu wa kulichimba, na watu walikuwa shambani. Likangoja wiki hiyo, likangoja nyingine. Kisha habari ikaja kwamba mgeni kutoka mkoani atakuja kufungua zahanati, na Mathayo akatangaza kwamba nyumba zote zinazotazama barabara ziwe nyeupe. Chokaa ya magunia ilikuwa imekwisha. Mwenyekiti akapanda kilimani kutafakari, akaona shimo la kwanza. Juu ya tope maji yalikuwa yamekauka, na uso wake uling'aa mweupe kama unga wa sikukuu.

"Mama Yunisi, hii si chokaa?"

"Ni tope lake, Mwenyekiti. Fundi alisema lizikwe."

"Fundi alisema. Fundi yuko wapi?"

"Ulemo."

"Basi na alichosema kimekwenda naye Ulemo. Kuzika mali ya umma wakati nyumba za umma ni nyekundu, huo ni uhujumu, mama. Na wewe ndiwe msimamizi. Kama unasema halifai, sema, nitaandika kwamba msimamizi amesema halifai."

Hapo Dina angeweza kusema neno moja. Kidole chake kilikuwa bado na nguvu. Mathayo alikipa heshima hata pale alipokipinga. Angechovya, angesugua, angesema "linateleza," na mwenyekiti angelalamika na kuondoka. Lakini siku ile ile asubuhi mtu alikuwa ameleta salamu kutoka kwa Mughwai: mwambie dada, siku ya sherehe nitakuja niuone huo mstari wenu. Kaka yake hakuwahi kukanyaga Mwamko. Dina aliiona nyumba yake kwa macho ya kaka huyo: kijumba cha miti na udongo kilichokandikwa kwa haraka, kimeegemea kwa Selina, kimetazama barabara, hakina hata zizi. Halafu akaiona nyeupe.

"Linafaa kwa ukuta," alisema. "Kwa kuta tu. Watoto wasichezee."

Hakukichovya kidole. Ndilo jambo lililomrudia maisha yake yote, kuliko hata chumvi.

Chumvi ilikuja kesho yake. Watu walichota tope kwa makarai, wakalikoroga na maji, wakapaka. Lilipokauka lilihamia mgongoni mwa kila aliyeegemea, na kijiji kizima kikatembea na migongo myeupe kama kimebingirika kwenye unga. Dina alikumbuka konzi za Bonaventura. Alichukua chumvi aliyokuwa amemtafutia Jioni, ile ya ziwani, ya kijivujivu, akaimimina yote kwenye ndoo. Weupe wa ukuta wake haukutoka. Uling'aa kuliko wa mwenyekiti, jambo ambalo mwenyekiti aliliona na kulisamehe kwa shida. Usiku Jioni alifungwa mahali pake pa siku zote, chini ya ukuta ule, maana katika mstari hapakuwa na mahali pengine.

Sherehe ilifana kwa kiasi ambacho sherehe hufana. Mgeni alichelewa, akashuka kwenye gari, akakata utepe, akasema Mwamko ni mfano, akapanda gari. Dina alisimama mlangoni kwake tangu asubuhi na gauni la kanisani, akitazama njia. Mughwai hakuja.

Siku zilizofuata Dina aliona asubuhi sehemu ya ukuta imelowa. Akadhani ni umande. Selina aliona zaidi, kwa kuwa alikuwa na dirisha upande ule.

"Mama Yunisi, ng'ombe wako ameipenda nyumba. Usiku kucha anaibusu."

"Si kama wewe usiye na wa kukubusu."

"Mimi mume wangu halambi ukuta!"

Walicheka mpaka Selina akakaa chini. Dina alikuwa binti wa wafugaji, mjukuu wa wafugaji. Alikuwa amekua akiwaona ng'ombe wakilamba udongo wa ziwani, mawe, hata jasho la mchungaji. Mtu yeyote wa Singida anajua ng'ombe anayelamba anatafuta nini. Lakini Dina wa siku zile alikuwa Msimamizi, na alipoutazama ukuta aliona ukuta.

Kisha maziwa yakapungua. Kisha mate yakaanza kumvuja Jioni kwa nyuzi ndefu, na majani akayanusa na kuyaacha. Dina alimfungua mdomo. Ulimi ulikuwa umechubuka, mwekundu, na kando yake una weupe kama wa ngozi iliyobabuliwa na maji ya moto. Akasimama, akageuka polepole, akaweka kidole chake pale ukuta ulipokuwa umelowa mate. Akakisugua na kidole gumba.

Kiliteleza.

Akafanya alichokatazwa, akakigusa na ulimi. Chumvi.

Aliingia ndani, akachukua machicha yaliyobaki kwenye mtungi, akayachanganya na maziwa ya mgando, akamnywesha Jioni kwa kibuyu, kidogo kidogo, kwa namna ileile alivyokuwa akililisha shimo la pili. Hakuwa na elimu nyingine. Jioni alimeza kwa adabu, kama mgeni anayekula asichokitaka. Mganga wa zahanati mpya alikuja kutazama, akasema yeye ni wa watu, akasimama nao hata hivyo mpaka giza likaingia, na hilo Dina hakulisahau. Tumbo la ng'ombe lilikuwa limekuwa gumu kama la mtu aliyemeza ukuta, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Jioni alikufa mchana, watu wakiwa shambani. Nyama haikuliwa. Dina ndiye aliyesimamia shimo, refu kupita mtu, na miiba juu yake. Safari hii wachimbaji walipatikana bila kikao.

Selina alikuja alipoiona ngozi imewambwa.

"Utamwambia nini kaka yako?"

"Sijui."

"Mwambie ugonjwa wa midomo na miguu. Mate yanavuja, ulimi unachubuka, ni vilevile. Ngozi haisemi. Nani atabisha?"

"Hakuna."

"Basi."

Ngozi ilipokauka Dina aliikunja, akaibeba kichwani, akashika njia ya kwao. Njia nzima alifanya mazoezi ya neno ugonjwa, akaliona linatamkika.

Mughwai aliiona ngozi kabla hajamwona aliyeibeba. Akainuka, akamtua, akampa kigoda. Hakuuliza kitu mpaka mkewe, Esta, alipoleta kibuyu cha maziwa na Dina akanywa. Ndipo akaikunjua ngozi chini, akaipapasa yote kwa kiganja, kwenye baka jeupe la paja akakawia kidogo.

"Haina jeraha," alisema.

"Haina, kaka."

"Amekufa na nini?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Dina akamtazama kaka yake, mikono yake juu ya ngozi, akasema:

"Alilamba ukuta wangu. Niliupaka tope la chokaa lililotakiwa kuzikwa. Na nikatia chumvi lishike."

Mughwai aliacha kuipapasa ngozi. "Chumvi," alisema.

"Ile niliyomtafutia yeye."

"Kwa nini uliupaka?"

"Ulisema unakuja."

Kuku walipita kati yao. Mughwai akaanza kuikunja ngozi, pembe kwa pembe, kwa uangalifu usiohitajika.

"Siku ile niliwapeleka ng'ombe kwenye chumvi," alisema. "Nilisema sherehe zipo nyingi, nitakuja nyingine. Ningekuja, ningelala kwako. Ningemsikia analamba."

"Si kosa lako, kaka."

"Sijasema ni langu." Akaiweka ngozi mapajani. "Ungesema ugonjwa, Dina. Ugonjwa hauna mwenyewe. Ungesema ugonjwa, kesho ningekupa mwingine, na Esta asingeniuliza kitu. Sasa nitampelekaje ng'ombe kwenye nyumba iliyosema yenyewe kwamba ndiyo iliyoua?"

Dina alikuwa amedhani ukweli ni zawadi aliyoibeba pamoja na ngozi; kumbe alikuwa amemwekea kaka yake mzigo, na mlango akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Waliagana vizuri. Esta alimfungia karanga. Hakuna aliyemkosea adabu mwenzake, na hapo ndipo Dina alipojua kwamba kamba imekatika.

Aliporudi Mwamko aliukwangua ukuta wote kwa jembe bovu, kisha akauosha mpaka udongo mwekundu ukatokea. Maji ya kuoshea yalitoka meupe. Aliyakinga yote kwa karai, hakuacha tone liende barabarani, akayapandisha kilimani, akayamwaga shimoni. Akaomba machicha. Marufuku ilikuwa bado ipo, lakini mzee Lazaro, aliyekuwa na siri zake, alimletea debe bila kutoa hotuba. Dina akakoroga, akangoja, akakichovya kidole kila siku, mpaka yalipoacha kuteleza. Kisha akalizika tope lililobaki, kama alivyoambiwa. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alipopita, nyumba ya Dina peke yake ndiyo iliyokuwa nyekundu, na Mathayo alimsema mkutanoni kwa kurudisha maendeleo nyuma. Dina alisikiliza mpaka mwisho, akakaa.

Zahanati iliponya wengi. Hata Yunisi alijifungulia humo. Ng'ombe wa Mwamko waliendelea kunywa lamboni. Wazee waliendelea kumsifu Dina kwa maji yale, na kila waliposifu yeye aliuliza habari za mvua. Na Mughwai na dada yake waliendelea kusalimiana, kwa watu waliokuwa wakipita, na misibani, kwa heshima zote.

Mughwai alipokufa, miaka mingi baadaye, Dina alifika kabla ya mazishi na akaingia kumwona. Walikuwa wameshamuosha na kumlaza kwenye mkeka mpya. Esta alikuwa akiondoa kitandani vitu vya marehemu, na chini kabisa, juu ya kamba za kitanda, akakunjua ngozi. Ilikuwa imelainika, manyoya yameliwa yote katikati, mahali pa mgongo na mabega. Pembeni tu ndipo palipobaki rangi nyekundu, na baka jeupe.

"Alikuwa analalia hii?" aliuliza Dina.

"Tangu ulipoileta, wifi. Nyingine zote alizikataa."

"Alisema kwa nini?"

Esta alifikiri kwa haki, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Hapana. Alisema ni ngozi nzuri."

Dina akaipokea. Akaweka kidole kwenye ile sehemu iliyoliwa na mgongo wa kaka yake, akakisugua na kidole gumba, akatazama mbali. Esta alimngoja aseme kitu.